Usimpelekee Fundi Gari Zima

Mara ya kwanza gari langu lilinizimia kwenye mzunguko wa City Stadium, Jogoo Road, saa nane na nusu mchana, mwezi wa pili. Halikukohoa wala halikurukaruka. Lilinyamaza tu, kama redio iliyochomolewa waya. Nilikuwa gia ya pili, magurudumu bado yanazunguka, nikaona sindano ya mizunguko ya injini imeanguka hadi sifuri papo hapo. Taa ya betri ikawaka, ya oili ikafuata, na matatu iliyokuwa nyuma yangu ikaanza kunipigia honi kana kwamba nimesimama kuchuma maua.

"Mathe, toa hiyo kitu barabarani!" makanga akapaza sauti. Kisha yeye mwenyewe akaruka chini akaja kusukuma, pamoja na wavuta mkokoteni wawili niliowapa shilingi mia mbili kila mmoja. Nairobi ina wema wa namna hiyo, wema wenye matusi.

Nilipiga stata mara ishirini. Injini ilizunguka kwa nguvu zake zote, ila haikushika. Baada ya dakika arobaini hivi, nikiwa nimeshakata tamaa na kuanza kutafuta namba ya mtu wa kulivuta, nikajaribu mara moja ya mwisho. Likawaka. Nikaendesha hadi nyumbani Umoja nikimshukuru Mungu, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo: nilifurahi, nikasahau kujiuliza.

Ni Corolla 110 ya mwaka 1998, gia za mkono, namba zake bado ni zile za zamani zinazoanza na KA. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu aliyestaafu. Nasomesha Kiswahili shule ya msingi na sijui magari. Ninayoyaandika hapa ni yale ninayotamani mtu angeniambia mwezi ule wa pili, kabla sijamwaga shilingi 26,300 kwa mambo ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Fundi wa kwanza yuko mtaani kwetu, chini ya mti, ana heshima na watu. Alisikiliza hadithi yangu, akafungua boneti, akagusa betri kwa kidole kama daktari anayepima homa. "Betri imechoka, mwalimu." Betri mpya 9,500, ile yangu akainunua 1,500. Leo najua hata mtoto angeligundua hilo: betri iliyochoka haizungushi injini mara ishirini mfululizo. Stata ikivuta kwa uvivu, au ikifanya tik-tik-tik na taa za dashibodi zikififia, hapo zungumzia betri, nyaya zake, vichwa vyake vilivyoota ukungu mweupe, au alternata isiyochaji. Injini ikizunguka kwa nguvu na isiwake, betri imeshafanya kazi yake. Lakini nilikuwa nimechoka na nilitaka jibu, na jibu lolote linalotolewa kwa sauti ya kujiamini hufanana na ukweli.

Siku ya nane likazima tena, Donholm, mchana wa jua kali. Nusu saa baadaye likawaka.

Fundi wa pili ana gereji yenye mabati na kalenda. Huyu alifungua swichi bila kupiga stata, akaweka sikio kwenye kiti cha nyuma, akatikisa kichwa. "Husikii? Pampu ya petroli hailii. Imekufa. Na petroli yenyewe siku hizi imechanganywa na mafuta taa." Hilo la kuchanganywa si uzushi, mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mahususi kuzuia mchezo huo. Ila petroli chafu hulifanya gari likose nguvu, ligonge, litoe moshi, liwake kwa shida. Hailizimi ghafla kama taa kisha ikalisamehe baada ya nusu saa.

Na kuhusu ile pampu kutolia, Toyota nyingi za miaka ile haziwashi pampu kwa kufungua swichi tu. Pampu hupata umeme injini inapozungushwa. Kwa hiyo kimya alichokisikia kilikuwa kimya cha kawaida, na mimi nikakilipia: pampu 4,800, chujio 900, kazi 1,500.

Hapo sasa mvua ikanidanganya. Masika yaliingia mwishoni mwa mwezi wa tatu, asubuhi baridi, mchana mawingu, na gari likatembea wiki nne bila kosa. Nilimsifu fundi yule staffroom nzima. Mwenzangu mmoja mwenye gari kama langu nikampa namba yake ya simu, naye akaenda akabadilisha pampu pia. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba kilichobadilika ni hali ya hewa.

Mwezi wa tano, jua liliporudi, likazima mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya pili ndiyo siisahau. Ilikuwa Outering Road, saa moja na nusu usiku, baada ya kukaa kwenye foleni saa nzima. Binti yangu wa darasa la tatu alikuwa kiti cha nyuma na sare yake. Nilifunga milango, nikawasha taa za dharura, na wakati huohuo nikakumbuka kuwa pembetatu ya kuonya iko nyumbani, niliitoa kwenye buti nilipobeba viazi. Kila mtu aliyekaribia dirisha alikuwa mwizi machoni pangu. Mtoto akaniuliza, "Mama, gari limekufa kabisa ama limelala?" Sikuwa na jibu. Mwenye brekidauni alitaka 6,000, tukakubaliana 4,000, na tulipofika nyumbani, kabla hata hajafungua mnyororo, nikajaribu ufunguo kwa hasira. Likawaka. Yule bwana alicheka mpaka akashika magoti.

Baada ya hapo nilitupa pesa kama mtu anayefukuza jini. Plagi nne na waya zake, 4,800. Kazi, 800. Kijana mwenye mashine ya kompyuta, 1,500. Aliichomeka hivi na vile, mashine ikakataa kuongea na gari, akanambia "haina shida yoyote". Kumbe mashine yake haikuwa na lugha ya gari la umri ule. Mjomba wangu wa Mombasa naye akatoa yake kwa simu, bure: Nairobi iko juu sana, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, petroli inageuka mvuke kwenye paipu. Hilo lilikuwa tatizo la kweli enzi za kabureta. Kwenye gari la injekta, linalonyunyiziwa petroli kwa umeme, pampu iko ndani ya tanki na inasukuma petroli kwa nguvu, kwa hiyo mvuke haupati nafasi kirahisi.

Aliyeniokoa ni mzee anayeuza maji ya mitungi hatua chache kutoka lango letu. Nilikuwa nikimjua kama mzee wa maji, basi. Siku moja aliniona nikifunga boneti kwa kishindo, akasema taratibu, "Mwalimu, linazimaje?" Si linazima kwa nini. Linazimaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Kumbe alikuwa fundi Industrial Area miaka mingi kabla mgongo haujamwangusha.

Nikamweleza. Aliposikia habari ya sindano kuanguka hadi sifuri huku gari bado liko kwenye gia na linakimbia, akatabasamu. Sindano ile hupata habari zake kwenye mfumo wa cheche, zile zinazowasha petroli ndani ya injini. Magurudumu yakiwa bado yanaizungusha injini na sindano ikalala, basi anayetoa habari amenyamaza, yaani umeme wa cheche umekatika. Gari linalokufa kwa kukosa petroli hufa kama mgonjwa: linakohoa, linavuta, linaachia, linavuta tena, na sindano inashuka pamoja nalo. Langu lilikufa kama aliyepigwa rungu.

"Lakini," akasema, "mimi sibahatishi. Usiniletee gari linalotembea. Niletee lililokufa."

Kwa mwalimu wa Kiswahili maneno hayo yalinichoma, maana lugha yetu ina utani wake hapo: gari linalozima si zima, na mimi miezi mitatu nilikuwa nikiwapelekea mafundi gari zima. Kila mmoja alilipima likiwa na afya. Angeona nini? Akabakia kubahatisha, na mwenye kulipia bahati nasibu ni mimi.

Basi akanifundisha cha kufanya pale pale barabarani, dakika kumi za kwanza, kabla halijapoa. Alinipa plagi moja ya zamani, koleo lenye mpini wa mpira, na kipande cha waya chenye ncha mbili wazi. Mimi nikaongeza daftari. Kila likizima niandike saa, sindano ya joto ilipo, petroli kiasi gani, nimeendesha muda gani, na limezimaje. Na akanionya kwa ukali: fundi yeyote asichomoe betri. Kompyuta ya gari lile hutunza makosa yake kwa umeme wa betri; ukichomoa, yanafutika. Nikakumbuka fundi wa betri, wa pampu, wa plagi. Wote walianza kwa kuchomoa betri. Gari lilikuwa likiandika ushahidi, na sisi tukiufuta.

Halikuchelewa. Jumamosi, karibu na Donholm, saa saba mchana, kimya. Safari hii, naona haya kusema, nilifurahi. Nilisogea pembeni, pembetatu nikaiweka nyuma, nikampigia mzee.

Kwanza petroli. Ndani ya boneti kuna kisanduku cheusi kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa Diagnosis, na ndani yake matundu yenye majina. Ukifungua swichi na kuunganisha +B na FP kwa waya, pampu hulazimika kufanya kazi. Niliunganisha, nikaisikia ikinguruma kule nyuma. Nikabana kwa vidole mpira wa petroli unaorudi tankini, nikahisi unatetemeka. Petroli ipo. Soma majina ya matundu mara mbili kabla hujagusa, maana ukikosea unaweza kuunguza usichoweza kununua.

Kisha cheche. Nilichomoa waya mmoja wa plagi, nikauvisha ile plagi ya zamani, nikailaza juu ya chuma cha injini ili iguse vizuri, mbali na mpira wa petroli. Kijana muuza maji ya chupa akakaa kwenye usukani kunipigia stata. Usishike waya ule kwa mkono mtupu, umeme wake ni maelfu ya volti. Na usiuache ukining'inia bila plagi stata ikipigwa, kwani umeme ukikosa njia hutafuta nyingine ndani ya koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche, na kuiua. Nilitazama. Hakuna kitu. Giza.

"Sasa hesabu taa," mzee akasema. Waya uleule, safari hii matundu ya TE1 na E1, swichi wazi, injini imezima. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa, maana ndivyo kompyuta inavyotaja namba ya kosa. Moja. Ikapumzika. Moja, mbili, tatu, nne. Nikamwambia. Upande wa pili wa simu nikasikia mtu akipumua kwa raha. "Kumi na nne. Kompyuta inaagiza cheche, haipati jibu kwamba cheche imetoka. Ikikosa jibu hilo inafunga na petroli pia. Koili au ignita, ile swichi ya umeme inayoiendesha, mwalimu. Zote ziko ndani ya distribyuta, kile chombo kinachogawa cheche kwa plagi."

Akaniambia niipoze. Nilinunua chupa ya maji baridi kwa yule kijana, nikaifunga kwa leso ili maji yasidondokee kifuniko cha distribyuta, nikaiegemeza pale. Watu wakasimama kutazama mama anayeuguza injini. Dakika kumi na mbili kwa saa yangu, nikajaribu plagi tena: cheche ya bluu, nono, yenye mlio. Nikarudisha waya, likawaka.

Hata hapo mzee hakukubali ninunue kitu. Jumapili tulilipaki uani, injini ikiunguruma, nikaleta blodrai yangu ya nywele na waya mrefu wa umeme. Tukaipulizia distribyuta hewa ya moto. Dakika ya kumi na moja, kimya. Akapima koili kwa mita upande wa waya mnene wa ndani: haisomi chochote, waya umeachana. Tukaiacha ipoe, akapima tena: inasoma kama kawaida. Tukarudia tangu mwanzo, matokeo yaleyale. Waya wa koili ulikuwa na ufa. Ukipata joto unatanuka na kuachana, ukipoa unagusana tena. Ndiyo maana foleni na jua viliuua, na masika yakaufufua.

Spea nilienda kutafuta Kirinyaga Road, ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Grogan. Nenda na kifaa chako cha zamani mkononi, uhesabu pini za soketi yake mwenyewe, kwani 110 hazifanani zote. Koili mpya za bei rahisi zilikuwepo kwa 3,500. Mzee alinikataza, alishaona zikifa kabla ya Krismasi. Tulichagua distribyuta nzima iliyotumika kutoka Japani, na nilipoambiwa 12,000 nikajifanya naondoka. Mara mbili. Nikaipata kwa 7,500, na nikaandikiwa risiti kwamba narudisha ndani ya siku saba. Kitu cha umeme kilichotumika kina umri sawa na chako kilichokufa, kwa hiyo siku saba hizo si za mapambo. Nyumbani tuliipuliza blodrai nusu saa nzima kabla ya kumwamini muuzaji.

Kabla ya kuitoa ile ya zamani, mzee aliniomba rangi ya kucha. Akatia alama nyekundu pale distribyuta inapokutana na injini, na nyingine kuonyesha rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, inaelekea wapi, ili mpya iingie palepale. Ukiitoa bila alama unaweza kupoteza wiki nzima ukihangaika na gari lisilowaka. Kisha tukalipeleka kwa mtu mwenye taa ya taimingi, ya kupimia cheche inaruka wakati gani, 1,500, naye akaiseti nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, akiwa ameunganisha TE1 na E1. Ukimwona fundi anaseti kwa sikio tu, muulize taa iko wapi.

Kwa hiyo dawa yenyewe ilikuwa 9,000. Ukijumlisha na zile nilizomwaga, 35,300, bila kuhesabu boda za kukimbilia shule na siku niliyofika kusimamia mtihani dakika ishirini baada ya karatasi kufunguliwa. Mzee alikataa pesa. Alikubali kuku mmoja, na akalalamika kuwa ni mkubwa mno.

Si kila gari linalozima lina koili mbovu. Mengine ni relei, swichi ya ufunguo iliyolegea, waya wa arthi ulioliwa na kutu, sensa ya mzunguko wa injini, na mengine kweli ni pampu. Zote zinaweza kuletwa na joto na kujificha gari likipoa. Ila petroli ipo au haipo, cheche ipo au haipo, hayo mawili yanajulikana kwa plagi ya zamani na kipande cha waya, mradi uyaulize wakati gari limekufa.

Mwezi wa nane, Outering, karibu na Fedha, gari likaanza kukohoa. Likavuta, likaachia, likavuta, na sindano ikishuka nalo polepole. Nikalisogeza pembeni bila haraka. Cheche ipo, ya bluu. Nikaunganisha +B na FP, pampu ikalia mlio mwembamba, wa juu, ambao sikuwahi kuusikia. Geji ilionyesha robo tanki. Nikampigia mzee, nikamwelezea dalili zote kwa mpangilio, nikijisikia profesa.

"Mwalimu," akasema, "uliweka petroli lini?"

Nikafungua daftari. Siku kumi na moja zilizopita.

Bodaboda alileta lita tano kwenye mtungi, likawaka. Fundi wa pampu alikuwa amepinda mkono wa kielea cha tanki alipokuwa akirudisha pampu mpya, na geji ikabaki kusoma robo hata tanki likiwa kavu. Jioni ile nilimpigia yule mwenzangu niliyempa namba ya fundi huyo, nikamuuliza geji yake inasomaje.